PESA ZETU MIKONONI MWA WAKILI: YALIYOTUPATA NA TULIYOJIFUNZA

(Hotuba ya kamati, kama ilivyosomwa mbele ya wanachama na wageni katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu, 2024)

  

Katibu ameshawasomea ripoti ya miaka kumi. Mmesikia habari za mikopo, mabati, karo za watoto na masufuria ya kukodisha. Ni mambo ya kupigiwa vigelegele, na vigelegele tumevisikia. Lakini ripoti ile ilipofika kwenye shamba ilisema mstari mmoja tu: "Ununuzi wa shamba la kwanza haukufaulu." Haya basi, sisi wa kamati tumepewa kazi ya kuueleza mstari huo mmoja.

Si wote waliotaka tuueleze. Katika mkutano wetu mkuu wako waliosema siku ya furaha isitiwe doa, na ya nyumbani yabaki nyumbani. Wengine wakasema kijitabu bila habari hii kitakuwa cha uongo. Tulipiga kura, ikaamuliwa lisemwe, tena liandikwe. Basi tutasema yote, na makosa yetu hatutayaficha.

TULIKOTOKA

Tulianza mwaka 2014, akina mama thelathini. Wauza mahamri na viazi karai, wasukaji makuti, wauza mitumba, wafanyao vibarua vya nyumba, na mwalimu mmoja wa chekechea. Kila mmoja alitoa shilingi 200 kwa wiki, maana yake ni shilingi 6,000 kila Jumamosi. Haba na haba. Kufikia Machi 2018, pamoja na faida ya mikopo, benki tulikuwa na zaidi ya shilingi 1,350,000. Hatukuwahi kuziona pesa kama hizo maishani mwetu, na tuseme ukweli, zilitutia kiwewe kidogo.

Tukaazimia kununua shamba. Tulipata ekari mbili upande wa Kaloleni, bei shilingi 1,200,000. Mwenye shamba alituonyesha hati yake, tukatembea mpakani mwa shamba, tukahesabu minazi. Siku ile tulirudi tukiimba ndani ya matatu.

Sasa alihitajika wakili. Mweka hazina wetu wa wakati ule alimjua wakili mmoja wa mjini Mombasa, aliyemsaidia kaka yake katika kesi na kumsaidia vizuri. Jina la wakili huyo hatutalitaja leo wala kuliandika. Tulikwenda afisini kwake watano. Alitupokea kwa heshima, akaagiza soda. Alisema hakuna haja ya mwuzaji kuwa na wakili wake, yeye atawashughulikia pande zote mbili ili gharama ipungue. Tukaona ametuhurumia. Akataka shilingi 20,000 za kufungua faili. Tulimpa mkononi, na risiti hatukuomba. Nani angemwomba risiti mtu aliyejaza vitabu ukuta mzima?

MKATABA NA KARATASI YA PILI

Mkataba ulikuwa mzuri. Ulisema mwuzaji atapewa asilimia kumi siku ya kutia sahihi, yaani shilingi 120,000. Zile 1,080,000 zingekaa kwa wakili mpaka kibali cha bodi ya ardhi kitoke na karatasi za kuhamisha hati zikamilike. Hivyo ndivyo inavyofaa. Ardhi ya kilimo katika nchi yetu haiuzwi kwa kupeana mikono tu. Sheria ya mwaka 1967 yataka kibali cha bodi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba. Kibali kisipopatikana, mauziano ni bure, na aliyelipa ana haki ya kurudishiwa pesa zake kama deni.

Lakini siku ile ile tuliletewa karatasi ya pili, ukurasa mmoja, kwa Kiingereza cha kisheria. Tuliambiwa ni ya mambo ya benki tu. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina wakatia sahihi. Wote watatu walijua kusoma, hakuna aliyesoma. Karatasi ile ilimpa wakili ruhusa ya kumlipa mwuzaji wakati wowote atakaoona yeye kuwa unafaa. Hapa ndipo panapotuuma mpaka leo, maana kalamu ilikuwa mkononi mwetu.

Pesa tulizipeleka benki mara mbili, shilingi 800,000 kwanza, na wiki mbili baadaye 400,000. Nambari za akaunti alituandikia yeye kwenye vikaratasi. Tulizipeleka zote kwa mara hizo mbili, ingawa mkataba ulitaka 120,000 tu kwa kuanzia, kwa sababu alisema zikiwa kwake ziko salama kuliko kwetu.

"WAKILI YUKO KORTINI"

Tulingoja. Mwezi wa tano tukauliza juu ya kibali, tukajibiwa maombi yameshapelekwa. Mwezi wa nane tukaambiwa bodi haijaketi. Mwezi wa kumi simu ikawa haipokewi, na tukienda afisini karani wake anasema, "Wakili yuko kortini." Jamani, wakili gani hulala kortini?

Mwezi wa kumi na moja 2018 tulijichanga nauli, wenzetu watatu wakaenda wenyewe kwenye afisi ya bodi kuuliza. Karani wa pale alitafuta mara mbili. Faili haikuwako. Maombi hayakupelekwa kabisa, na miezi sita ilikuwa imekwisha tangu Septemba.

Kutoka pale wakapita shambani. Walimkuta mke wa mwuzaji akipalilia muhogo. Akawauliza, "Nyinyi ndio mlionunua hapa?" Hakuwa ameulizwa neno na mumewe, wala kutia sahihi yoyote. Bodi kwa desturi humtaka mke aje aseme kwa kinywa chake kama amekubali, na sheria za ardhi za mwaka 2012 nazo zamlinda mke katika ardhi ya nyumba yake. Mama yule aliwaambia, "Mkinunua, mimi na wanangu tutalala wapi?"

Tuliambiwa baadaye kwamba Mahakama Kuu ina uwezo wa kuongeza muda wa maombi. Tulilijadili jambo hilo Jumamosi nzima. Mwishowe tukasema hapana. Sisi ni kikundi cha akina mama. Hatukuweza kujenga vyumba vyetu juu ya muhogo wa mama mwenzetu. Kwa hivyo shamba tuliliacha, tukabaki na neno moja la kudai, nalo ni pesa zetu.

HESABU ISIYOHESABIKA

Tulimwandikia wakili barua ya kuomba hesabu. Tulitarajia ana shilingi 1,080,000. Alijibu kwa mdomo tu, kwamba sisi akina mama hatuyajui mambo ya sheria, tumwachie. Barua ya pili haikujibiwa. Barua ya tatu ilijibiwa kwa bili ya kazi yake, shilingi 250,000.

Ndipo mwalimu wetu wa chekechea akaelekezwa na jamaa yake kwenye Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili. Tume hii imewekwa na Sheria ya Mawakili tangu mwaka 1989, na iko chini ya Mwanasheria Mkuu. Mtu yeyote aweza kuiandikia, na halipi kitu. Hatukuwahi kuisikia. Tuliandika malalamiko yetu, tukaambatanisha nakala ya mkataba na barua zetu tatu. Tume ikamwandikia wakili ajibu.

Akaleta hesabu ya ukurasa mmoja. Tuliisoma ukumbini kwa sauti, neno kwa neno. Mwuzaji amelipwa 600,000, yaani zile 120,000 na nyingine 480,000 alizoongezewa bila sisi kuulizwa. Ada ya wakili 250,000. Gharama nyingine 190,000. Baki 160,000.

Tukauliza hizo gharama nyingine ni zipi. Ya kwanza, ada na safari za bodi ya ardhi, shilingi 30,000. Bodi gani, na faili haikufunguliwa? Ya pili, ushuru wa stempu, shilingi 24,000. Ushuru huo hulipwa wakati wa kuhamisha hati, asilimia mbili mashambani na asilimia nne mijini. Hati yetu haikuhamishwa hata inchi. Zilizobaki, 136,000, ziliandikwa "mengineyo". Mama mmoja muuza mahamri alisimama akasema, "Mimi nikimwandikia mume wangu 'mengineyo' ya shilingi mia, hatulali." Tulicheka, lakini kicheko kile kilikuwa cha uchungu.

MWEKA HAZINA WETU

Sasa tunafika penye jambo lililotufanya tuombe nafasi hii leo.

Pesa zikipotea, watu hutafuta wa karibu. Wakili alikuwa mbali, juu ghorofani. Mweka hazina alikuwa hapa, jirani. Yeye ndiye aliyemleta wakili, basi maneno yakaanza kisimani, yakaenda sokoni, yakaingia mkutanoni. Ikasemwa ati alipewa asilimia kumi yake. Ikasemwa ati bati jipya la nyumba yake limetoka wapi. Januari 2019, mbele ya wanachama wote, tulimtaka aape. Hakuapa. Alisema, "Mnanijua," akaweka ufunguo wa kasha mezani, akaondoka. Hata akiba yake hakuja kuichukua. Wenzetu wengine kumi waliondoka mwaka ule, tukabaki kumi na tisa.

Tume ilipotaka uthibitisho wa pesa tulizolipa, sisi hatukuwa na karatasi hata moja. Daftari letu lilisema tu "wakili, 1,200,000". Ikabidi twende kwake. Tulikwenda watatu, usiku, kwa aibu. Hakutusimanga. Aliingia ndani akatoka na kopo la biskuti, akalifungua mezani. Ndani mlikuwa na stakabadhi zote mbili za benki, na vile vikaratasi viwili vya nambari za akaunti kwa mwandiko wa wakili mwenyewe.

Stakabadhi zile zilionyesha jambo ambalo hakuna aliyelijua. Sheria za hesabu za mawakili zataka pesa ya mteja iwekwe katika akaunti ya wateja, mbali na pesa za afisi. Zile 800,000 ziliingia akaunti ya wateja. Zile 400,000 ziliingia akaunti nyingine, ambayo ilikuwa ya afisi yake. Tangu siku hiyo majibu ya wakili yalibadilika, na "mengineyo" ikakoma kutajwa.

Akina mama, kopo lile la biskuti ndilo lililotuokoa, na mwenye kopo ndiye tuliyemfukuza kwa maneno. Yuko hapa leo, amekuja kama mgeni. Mama, sisi wa kamati, na sisi wanachama tuliokuwapo siku ile, na sisi tuliosema na sisi tulionyamaza, tunakuomba radhi mbele ya watu wote. Tulikudhulumu. Hukula pesa yetu hata senti. Neno hili tumelisema hadharani kwa sababu lile la kukudhulumu nalo tulilisema hadharani. Tumeliandika ndani ya kijitabu ili asije mtu kulifuta. Akiba yako iko, pamoja na faida yake, na kiti chako kiko. Kurudi ama kutorudi ni hiari yako.

TULICHOPATA NA TULICHOPOTEZA

Tume ilituita kusikilizana na wakili. Sheria yairuhusu kupatanisha pale inapofaa. Tulielezwa kwamba tukitaka tungeweza kuendelea mpaka Baraza la Nidhamu la Mawakili, ambalo lina uwezo wa kumsimamisha wakili, kumfuta katika orodha, ama kumwamuru alipe. Tulielezwa pia kwamba bili ya wakili si amri ya Mungu, mteja aweza kuomba ikadiriwe na msajili wa mahakama. Na kortini kuna njia ya kumlazimisha wakili atoe hesabu ya pesa alizopewa.

Tulichagua kupatana. Katika zile 600,000 zilizobaki kwake, alikubali kurudisha 520,000 na kubaki na 80,000 kwa kazi ya mkataba. Alilipa kwa mafungu sita, na ugonjwa wa korona ulipoingia mwaka 2020 akachelewa, lakini fungu la mwisho lilifika mwaka 2021. Wako kati yetu ambao hadi leo wanaamini ingefaa twende mbele zaidi. Hatuwalaumu. Wengine tulichoka, na watoto walikuwa wanangoja karo.

Mwuzaji naye alikiri deni lake la 600,000 mbele ya Chifu na wazee. Amelipa 350,000. Nyingine alilipa kwa nazi, tukazihesabu moja moja, tukauza wenyewe. Bado tunamdai 250,000. Ukijumlisha na zile 80,000, na 20,000 za kufungua faili ambazo hatukuweza kuzithibitisha, tuko nje kwa shilingi 350,000. Huo ni mchango wa akina mama thelathini kwa zaidi ya wiki hamsini na nane. Zaidi ya mwaka wa Jumamosi zetu.

SHAMBA LA PILI

Mwaka 2022 tulijaribu tena. Safari hii ploti ndogo, shilingi 640,000, hapa hapa karibu. Tulifanya sachi wenyewe kwenye afisi ya ardhi kabla ya kutoa hata shilingi. Tukamleta mpimaji. Tukazungumza na majirani wa kila upande. Mke wa mwuzaji tulimwalika mkutanoni kwetu, akasema kwa kinywa chake. Tukachukua wakili wetu, na mwuzaji akachukua wake. Kwanza tulimtafuta wakili wetu katika orodha ya Chama cha Mawakili cha Kenya, tukahakikisha cheti chake cha mwaka ule kiko. Tulilipa asilimia kumi, shilingi 64,000, na zilizobaki tukazitoa karatasi zilipokuwa tayari. Hati ilitoka mwaka 2023. Ile ile mnayoiona imetundikwa ukutani, lakini msiiguse, ni nakala. Yenyewe iko benki.

YA KUSHIKA

Wenzetu wa vikundi vingine mlioko hapa, hatukuja kuwaambia mawakili ni wabaya. Wakili wetu wa pili ametufanyia kazi safi, na bila yeye hati ile isingekuwako. Tunalosema ni haya machache, na tumeyatia katika katiba yetu.

Kwanza, usimpe wakili pesa zaidi ya zile mkataba unazotaka kwa wakati huo.

Pili, uliza kama akaunti ni ya wateja, na jibu liwe kwa maandishi.

Tatu, usitie sahihi karatasi usiyoisoma. Kama ni ya Kiingereza, aisome mtu wenu, si mtu wake.

Nne, wakili wa mwuzaji asiwe wakili wako.

Tano, mkiambiwa jambo limepelekwa afisi fulani, nendeni afisi hiyo mkaulize wenyewe. Nauli ni rahisi kuliko shamba.

Sita, kila karatasi iwe na nakala tatu, kwa mwenyekiti, kwa katibu na kwa mweka hazina. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi twaongeza kwamba daftari bila risiti ni hadithi tu.

Saba, na hili ndilo kubwa. Kuomba hesabu si utovu wa adabu. Tuliona haya kumwuliza msomi, halafu hatukuona haya kumtukana jirani yetu. Tulikuwa na heshima mahali pasipofaa, na ukali mahali pasipofaa. Pesa ikiwa mkononi mwa wakili bado ni pesa yako, na mwenye pesa huuliza. Aliye safi hatakasirika. Mweka hazina wetu hakukasirika, alileta kopo.

Leo tuko ishirini na sita. Msingi wa vyumba vinne umeshachimbwa, na mawe mmeyaona mlipokuwa mkiingia. Mgeni wetu wa heshima, tusingependa uondoke bila kuutazama msingi ule kwa macho yako, na ukiwa na mfuko wa saruji wa ziada hatutaukataa. Risiti utapewa.

Tunawashukuru Chifu na wazee waliosimama nasi katika deni la mwuzaji, majirani waliotukopesha nauli, na waume zetu waliovumilia mikutano ya usiku. Mwenyezi Mungu aubariki umoja wetu, atupe miaka kumi mingine na hesabu zilizo wazi.